Gunia Lenye Pindo

Gunia lilikuwa na pindo.

Inspekta Georgette Mwepu aliliona hilo kabla hata ya kuliangalia jeraha. Alikuwa amechuchumaa kati ya matuta ya mboga za lengalenga, nyuma ya nyumba ya Mzee Stanislas Kalenga huko Kikula, mjini Likasi, ameinua kitambaa ambacho majirani walimfunikia marehemu. Mzee alilala kifudifudi, miguu peku, mikono chini ya kifua. Hakuwa na shati. Alivaa gunia la mahindi lililokatwa tundu la kichwa na mengine mawili ya mikono. Nyuma ya sikio la kulia fuvu lilikuwa limebonyea, na damu iliyogandia majani ilikuwa bado mbichi katikati.

"Shefu, hii iko wazi," alisema polisi Dan, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na alipenda kesi fupi. "Balimuua fasi ingine, balimutia mu gunia, balikuya kumutupa hapa."

Georgette aligeuza ukingo wa tundu la shingo kwa ncha ya kalamu. "Angalia. Uzi. Mishono midogo ya muntu mwenye kujua kushona. Weye unaua muntu, kisha unapiga pindo juu gunia isimukwaruze ku shingo?"

Dan alikuna kidevu. "Non."

"Donc alivaa mwenyewe. Na muntu wa kumupenda njo alimushonea."

Bustani ilikuwa imemwagiliwa jana jioni, kwa hiyo udongo ulikuwa unasema. Magoti ya mzee yalichimba mashimo mawili ya kina. Alikuwa amepiga magoti muda mrefu. Mbele yake, hatua mbili, palikuwa na nyayo za kandambili ndogo, zimesimama pamoja. Nyayo hizo zilimzunguka taratibu hadi nyuma yake, zikasimama tena, kisha zikaondoka. Hazikukimbia. Kando yake udongo ulikuwa na duara kamili, pana, la kitu kizito kilichowekwa chini.

"Ndoo ya kumwagilia," alisema Dan.

Georgette aliichukua ndoo iliyokuwa karibu na ua, akaiweka ndani ya duara. Ilipwaya humo kama kikombe juu ya sahani.

Ng'ambo ya ua, watu walikuwa wamejaa. Mbele yao alisimama Eddy, mwana wa marehemu, mchimbaji wa mgodi wa Kamatanda, buti zake bado zina vumbi la shimo. Hakuwa analia. Mkononi alishika dumu la petroli la lita tano.

"Madame Inspecteur, munatafuta nini mu udongo? Nabii Cédrick njo alimuua baba. Kanisa muzima ilisikia! Alisimama, alisema imbwa batalamba damu ya Kalenga."

"Alisema siku gani?"

"Wiki tatu sasa. Na leo baba iko pale." Alinyanyua dumu. "Ninawapa mpaka saa sita. Kama hamumufunge, tutamuwasha na kanisa yake."

Nyuma yake wachimbaji kumi au kumi na wawili waliitika. Georgette alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Alimtuma Dan na polisi wengine wawili wakalinde kanisa, akaingia ndani.

*

Mama Clotilde, mjane, alikaa sakafuni sebuleni, kitenge kimefungwa kiunoni kwa msiba. Georgette alikaa naye chini.

"Mama, pole. Ile gunia, ni weye ulishona?"

Mwanamke alifumba macho. "Ni minye. Alikuwa na shingo yenye kuuma. Nilimuambia, kama unavaa, basi nipige pindo."

"Juu ya nini alivaa?"

"Kufunga. Toka Ijumaa. Alikaa mu bustani, alikunywa mayi tu. Asubuhi nilimupelekea mayi, njo nilimukuta..."

Georgette alimwacha apumue, akaitazama sebule. Ukutani, juu ya kabati, palikuwa na alama ya msalaba mnene, mikono yote minne sawa, rangi ya ukuta hapo ikiwa safi kuliko kwingine.

"Hapa palikuwa nini?"

"Musalaba ya shaba. Nzito. Aliishusha Jumamosi, alienda nayo ku bustani." Mama Clotilde alisita. "Alisema anaregesha kintu ya benyewe."

"Benyewe ni nani?"

Nje, mtu alikuwa anapiga kelele za kumwita nabii mchawi.

"Tshimanga," alisema mjane mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetema mfupa. "Hii nyumba ilikuwa ya Tshimanga, Mukasai. Alifanyaka kazi ku mutambo ya kuyeyusha shaba, ile musalaba aliimwanga mwenyewe na mikono yake. Ile mwaka bantu ba hapa balifukuza Bakasai bote, balisema ni bageni, bwana yangu alibakia na nyumba, na bustani, na bintu bya ndani. Minye aliniowa kisha. Nilikuta bintu pa fasi yake. Sikuulizaka."

"Nani anaingiaka hapa mu nyumba, mama? Mwenye kuona huu ukuta?"

"Bote. Majirani. Ba-mama ba kanisa. Ba-mama ba kuuzisha. Nyumba yetu haifungwake."

*

Kanisa la Mlima Karmeli lilikuwa kibanda kirefu cha matofali mabichi na mabati. Uani, mbele ya mlango, lundo lilifika kiunoni: hirizi, vibuyu vilivyofungwa ngozi, sanamu za mbao zilizopakwa mafuta, na hata Bikira Maria wa plasta aliyekatika mkono. Georgette, aliyebatizwa parokiani na kuolewa parokiani, alimtazama Bikira kitambo kidogo.

"Bantu banaleta miungu yabo," alieleza Nabii Cédrick. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, suti ya buluu, jasho shingoni. Nje ya ua kelele za wachimbaji zilikuwa zimeanza kukaribia. "Jumapili tutachoma. Kama Yehu alivunja nyumba ya Baali."

"Nani anapokeaka bintu?"

"Hakuna. Muntu anatupa, anaenda. Na kisha kutupa, hakuna mwenye kugusa. Banaogopa."

"Bote banaogopa?"

"Bote."

Georgette alivua koti, akakunja mikono ya shati na kuanza kuondoa vitu kimoja kimoja. Dan aliguna akarudi nyuma hatua moja. Kama angekuwa na kitu cha kuficha Kikula nzima isikione, Georgette alifikiri, angekitupa hapa, mahali ambapo hata mwizi anapita mbali. Hakuchimba sana. Chini ya vibuyu viwili mkono wake ulikutana na metali baridi.

Msalaba wa shaba ulikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Kwenye mkono mmoja damu ilikuwa imeshikamana na nywele nyeupe.

Nabii alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. "Minye sikuweka ile kintu! Mbele ya Mungu!"

"Kaa chini, nabii. Unijibu polepole. Wiki tatu zimepita, ulihubiri nini?"

"Ahabu na Nabothi." Alikaa. "Mufalme aliitaka shamba ya Nabothi, juu apande mboga. Nabothi alikatala. Yezebeli alipanga bantu wawili basimame, baseme uongo: Nabothi alimutukana Mungu na mufalme. Balimuua na majiwe, mufalme alichukua shamba. Njo Eliya akakuya, akasema: fasi imbwa balilamba damu ya Nabothi, batalamba na yako."

"Na ulimutaja Kalenga."

"Mungu alinionyesha."

"Mungu alikuonyesha nini? Sema yote."

"Nyumba. Bustani ya lengalenga. Na ile musalaba ya shaba, iko ku ukuta, juu ya kabati."

"Ulishaingia mu nyumba ya Kalenga?"

"Hapana."

Georgette aliinama hadi macho yao yakawa sawa. "Mungu alikuonyesha kabati, ama muntu alikuambia?"

Nabii alitazama viatu vyake. Jiwe kutoka nje ya ua liligonga bati la paa na kuviringika hadi chini.

"Muntu," alisema. "Mama moja. Alikuya kuomba na minye, alilia, aliniambia yote. Alisema anataka Mungu alipe."

"Jina?"

"Alinifunulia mu maombi, Madame. Sitasema."

"Bale bantu nje banataka kukuchoma na moto."

"Basi banichome." Aliikumbatia Biblia yake. "Nilimukosea yule mama mara mbili. Sitaongeza ya tatu."

"Ulimukosea namna gani?"

Cédrick alijipangusa uso. Wiki mbili baada ya mahubiri, alisema, Mzee Kalenga alimfuata ofisini, akaanguka chini, akakiri yote. Ni yeye na mwenzake, aliyekwisha kufa, waliosimama mbele ya vijana wenye marungu na kudai kwamba Tshimanga anamtukana mkubwa wa jimbo. Aliuliza afanye nini. Nabii akamsomea yaliyofuata katika kitabu: Ahabu alipoyasikia maneno ya Eliya, alivaa gunia, akafunga, na Mungu akaahirisha baya lile, akasema halitakuja katika siku zake bali katika siku za mwanawe.

"Njo Kalenga alivaa gunia. Alisema atafunga siku saba mu ile bustani. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa, nilitangaza Mungu amemuhurumia. Bantu balipiga makofi."

"Na yule mama alikuwa mu kanisa?"

"Benchi ya tatu." Alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Na Jumapili ile ile nilimuambia Kalenga yule mama ni nani. Nilifikiri banaweza kupatana. Hii aliandika mbele yangu, nakala mbili. Moja alibakia nayo."

Georgette alisoma, akaiweka mfukoni. Akarudi kwa msalaba, akaugeuza kwenye mwanga wa jua. Pale mikono ilipokutana, ndani ya kona, kulikuwa na vitu vitatu vyembamba vinavyong'aa. Alikibandua kimoja kwa ukucha. Gamba la samaki, mviringo, kubwa kama kitufe cha shati.

"Nabii, mu kanisa yako, ba-mama wangapi banauzisha samaki?"

Dan, ambaye mke wake alisali hapo, alijibu badala yake. "Watatu, shefu."

"Wanauzisha samaki gani?"

"Wawili ni thomson, samaki ya barafu ya mu frigo. Ile ya tatu iko na samaki mubichi ya ziwa Tshangalele. Bapikipiki banamuletea asubuhi sana, anapita na besheni ku kichwa mpaka soko."

"Gamba ya thomson ni kidogo. Hii ni ya ziwa." Georgette alifikiria duara pana kwenye udongo wa bustani: besheni iliyojaa samaki, iliyotuliwa chini na mtu asiyekuwa na haraka. "Ule wa tatu banamwitaka nani?"

Nabii Cédrick alifunika uso kwa mikono miwili.

"Mama Jessy," alisema Dan.

*

Ilikuwa saa tano na dakika kumi Georgette alipofika soko la Kikula. Mama Jessy alikuwa kwenye meza yake, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na minne, anaparua samaki kwa kisu kifupi. Alimwona inspekta akija, akamaliza samaki aliyekuwa mkononi, akamsuuza, akampa mteja. Kisha akafuta mikono.

"Mulichelewa," alisema.

"Jina yako ya kuzaliwa, mama?"

"Tshimanga Alphonsine."

Georgette alimwonyesha kigoda nyuma ya meza, wakakaa wote wawili, magoti yakigusana, kama majirani.

"Musalaba tuliikuta," alisema Georgette. "Na magamba yako."

"Sikuficha juu ya kuogopa. Nilitaka ichomwe na miungu ingine. Kisha nilikumbuka shaba haichomeke." Alicheka kidogo, bila furaha. "Unataka nikuambie nini, Madame?"

"Ile mwaka."

Alphonsine alitazama kisu, si inspekta.

"Nilikuwa na myaka kumi na moja. Kalenga alikuwa jirani. Aliitaka bustani, baba alikatala. Wakati balianza kutufukuza, Kalenga alisimama, alisema maneno, na bavijana balimupiga baba mule mule mu lengalenga. Alikufa kisha siku mbili. Tulienda ku gare. Tulilala chini wiki tatu, bantu elfu na elfu, tunangojea treni. Mudogo yangu Athanase alikuwa na myaka ine. Kuhara. Alikufa mu mikono yangu, maman alikuwa ameenda kutafuta mayi. Alirudia na chupa imejaa."

Mteja alikuja, akawatazama, akaenda zake.

"Nilirudia hapa Likasi sasa myaka tatu, na jina ya bwana yangu. Kalenga alinunua samaki kwangu kila wiki. 'Mama Jessy, uniwekee kubwa.' Bibi yake alinifungulia mulango, nami niliona musalaba ya baba ku ukuta. Nilimuambia nabii. Nilisema, Mungu atalipa. Njo nabii anasimama, anasema Mungu amemusamehe. Kanisa muzima inapiga makofi. Minye niko benchi ya tatu. Nani aliniulizaka? Mungu aliniuliza? Minye njo nilimubeba Athanase."

Sauti haikupanda. Ndiyo maana wauzaji wa meza za jirani hawakugeuka.

Georgette alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya hatua hii; aliamini muuaji hakuijua, na kwamba itamvunja. "Mama, ungengoja siku chache. Angalia. Anaregesha nyumba, bustani, yote. Jina yako iko hapa."

"Ninaijua."

Karatasi ilibaki mkononi mwa inspekta.

"Alinitumia neno Jumatatu, nipite. Nilipita leo asubuhi, kabla ya kwenda ku soko. Nilitua besheni. Alipiga magoti, alinisomea ile karatasi yote, akilia. Ulisoma mustari ya mwisho?"

Georgette alisoma. *Kwa Alphonsine, binti Tshimanga, na kwa mdogo wake Athanase, kama angali hai.*

"Kama angali hai," alisema Alphonsine. "Myaka makumi tatu na kitu alilala mu kitanda ya baba yangu, na hakuulizaka hata siku moja kama mutoto alifika. Akanisukumia musalaba, akainamisha kichwa mpaka chini. Akasema, 'Sema umenisamehe, nisimame.'"

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Niliokota musalaba, nilizunguka nyuma yake." Alinyoosha mikono mbele. Ilinuka ziwa. "Unifunge. Ningelala vizuri leo, lakini najua mutaniuliza maswali."

*

Ilibaki robo saa kufika saa sita gari la polisi lilipofika kanisani. Dan na wenzake wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na Eddy alikuwa ameshafungua kifuniko cha dumu. Harufu ya petroli ilikuwa tayari kwenye mbao za mlango.

Georgette alishuka. "Eddy, si nabii. Tumemushika mwenye kuua."

"Uongo! Munamulinda!"

Dirisha la nyuma lilishuka. Alphonsine alitoa kichwa, pingu mkononi, kabla Georgette hajaweza kumzuia.

"Ni minye, Eddy. Baba yako alimuua baba yangu, Tshimanga, mu bustani munakulaka mboga yake. Minye nimemuua mule mule. Shika hii neno, ulale nayo kama minye nililala nayo."

Eddy alisogea hadi kwenye dirisha. Alimtazama uso, pingu, kisha uso tena. Aliongea taratibu sana.

"Weye iko na batoto?"

Uso wa Alphonsine uliokaa kama jiwe tangu sokoni ulibadilika wote kwa mara moja.

"Iko na binti," mtu alisema katika kundi, bila kufikiri. "Anasomaka kwa masista."

Eddy aliweka dumu chini, akageuka, akapanda pikipiki ya mwenzake.

"Dan, panda!" Georgette alikuwa ameshashika usukani. Alipita kati ya meza za nyanya, honi haijaachiliwa, nyuma Alphonsine anapiga kiti cha mbele kwa pingu zake na kusema neno moja tu, "Mbio, mbio, mbio," mwanamke ambaye asubuhi yote hakuwa na haraka na kitu chochote.

Walifika shuleni kwanza, kwa muda wa kufungua lango na kulifunga. Georgette alimtoa Jessy darasani katikati ya hesabu, msichana wa miaka kumi na minne mwenye sare ya buluu na nyeupe, akamvusha ua akiwa amemshika bega. Eddy alikuwa amesimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara. Hakuizima, wala hakushuka. Dan alisimama katikati ya barabara, mkono kwenye mkanda, akamtazama hadi, baada ya kitambo kirefu, kijana akainamisha kichwa juu ya usukani na mabega yake yakaanza kutikisika. Ndipo alipomlilia baba yake.

Jessy aliingia ndani ya gari, akaona pingu.

"Maman? Nani alikufanya hivi? Nani?"

Georgette, mbele, hakuwasha gari. Alingoja kusikia jina la Kalenga, la nyumba, la bustani, la gare, majina yote ambayo mwanamke yule aliyabeba tangu akiwa mdogo kuliko binti yake.

Alphonsine alimshika mtoto mkono.

"Hakuna muntu, Jessy," alisema. "Ni minye mwenyewe."